Siku moja kwa boti vijijini Mto Mekong: anzieni Can Tho, chukueni boti ndogo

Jamani mnaopanga kwenda Vietnam, mimi na mke wangu tumerudi juzi na hii safari ya boti ya vijijini tuliifanya mara mbili, ya kwanza tulijuta, ya pili tulitamani isiishe, kwa hiyo naomba niwaokolee hela yenu.

Ile ya kwanza tulikata Ho Chi Minh mjini, ya basi, watu zaidi ya thelathini, mnapelekwa mpaka My Tho, mji wa kando ya Mekong, kama kilomita 70 hivi. Kampuni siitaji. Kufika kwenye boti naona laifu jaketi zimefungwa kamba pembeni kama mzigo, namuuliza mwongozaji anacheka ananiambia mto umetulia. Mimi ni mtu wa Mwanza, mji wetu ulizika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, maneno kama hayo siwezi kuyasikia nikanyamaza, nikasimama palepale mpaka akafungua zile kamba. Alafu huko kisiwani ni duka baada ya duka, unapewa chai ya asali ununue asali, chatu anawekwa shingoni upige picha ulipie, na ule mtumbwi wa kupita chini ya miti tulipanga foleni muda mrefu kuliko tulivyoupanda. Pipi za nazi ni tamu kweli hilo siwanyimi, zimefungwa na karatasi ya mchele unakula na karatasi yake. Ila watu wa pale wanaishije, sikuona kitu.

Nikamwambia mke wangu haiwezekani tumetoka kwetu mpaka huku turudi na picha ya chatu. Tukapanda basi la kulala kwenda Can Tho, mji mkubwa wa huko Mekong, ni kama masaa manne, jioni tukashuka pale gatini Ninh Kieu ambapo kina mama wenye boti wanatafuta abiria wa kesho yake. Tukaelewana na mama mmoja rika la shangazi yangu, Kiingereza maneno machache, mengine tulimalizia kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Dong laki sita boti nzima masaa sita, kama elfu sitini ya kwetu. Asubuhi yake kabla hata hajawasha injini akatuvalisha jaketi yeye mwenyewe na kutukazia mikanda. Nikatulia roho.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri giza bado lipo. Nusu saa mko soko la majini la Cai Rang, wauza jumla wamelala humohumo kwenye vyombo vyao na familia, na kila chombo kimesimamisha mti mrefu mbele, kinachoning'inia juu ya mti ndicho kinachouzwa, nanasi, kabichi, viazi, huna haja ya kuuliza. Ukikuta jani la mnazi limening'inizwa ujue inauzwa boti yenyewe. Kuna anayeuza kahawa anakuja na kamtumbwi kake anajishikiza kwenye boti yenu anawamiminia na maziwa mazito ya kopo, mke wangu alikunywa mbili. Waislamu kuweni makini, supu nyingi pale ni za nguruwe, semeni "chay" mtapewa isiyo na nyama kabisa. Ila niseme ukweli, soko limepungua sana, barabara zimefika kila mahali, daraja kubwa la Can Tho lilifunguliwa 2010 na mzigo sa hivi unapanda lori, mkichelewa mpaka saa mbili mtakuta watalii wanapiga picha watalii wenzao.

Kwa hiyo sokoni msikae sana, mwambieni aingie kwenye mifereji, huko ndo kwenyewe.

Alitupeleka nyumba moja wanatengeneza tambi za mchele. Dada anachota uji wa mchele anaumwaga juu ya kitambaa kilichotandazwa kwenye sufuria inayotoa mvuke, anausambaza na mgongo wa upawa kama chapati za maji, anafunika, dakika moja tu anaibandua na kijiti kipana inatoka nyembamba unaona mkono wako upande wa pili. Zinaenda juani kwenye vichanja vya mianzi, zikikauka ndo zinakatwa tambi. Na moto unakokwa kwa pumba za mpunga, hakuna kinachotupwa.

Sasa mbele zaidi injini ikanguruma ikazima. Boti zao pangaboi liko mwisho wa chuma kirefu, mama akakinyanyua chote juu, nacheki naona nini? Magugu maji! Yaleyale ya Ziwa Victoria yanayoziba mialo yetu mpaka wavuvi wanashindwa kutoa mitumbwi. Akayachomoa kwa mkono tukaendelea, na kona ya pili tukakuta uwanja mzima yameanikwa juani, kina mama wamekaa kivulini wanayasuka vikapu na mikeka. Shina likikauka linalala bapa la kahawia, laini kama ukili ila nene. Nilikaa pale karibu saa nzima nikirekodi na simu jinsi wanavyoanza kitako cha kikapu, maana hiyo video nimeshamtumia mama mdogo wangu wa Igombe na kikundi chake.

Sehemu moja mama alituonyesha nyumba nusu yake imeshaingia mtoni, jiko liko hewani, ukingo umeliwa na maji, wanachimba sana mchanga mtoni huko. Hakusema mengi, akapunguza injini tukapita taratibu.

Cha mchana tulikula bustanini samaki mzima wa kukaanga mpaka magamba yanavimba, unachambua unakunja kwenye karatasi ya mchele na majani mabichi. Na shokishoki tulizichuma wenyewe, tukashiba nazo.

Mabaya yake, injini ina kelele, jua la saa tano halina huruma kwa hiyo bebeni kofia, choo mpaka mfike nchi kavu. Viza ni ya mtandaoni dola 25, Mtanzania anapata. Na bebeni hela ndogondogo, wale kina mama wa vikapu hawana chenji.