Huduma ya daktari wa mifugo kwa mbwa anayeogopa radi, Kigoma

Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, muda mrefu wa mateso kwa mbwa anayeogopa radi. Ninamshukuru kwa dhati daktari wa mifugo aliyekuja nyumbani kwetu Mwanga kumwona Simba, ambaye wingu likitanda tu juu ya Ziwa Tanganyika huanza kuhema, kudondokwa na mate na kujikunyata uvunguni mwa kitanda.

Daktari hakukimbilia sindano. Alieleza kwamba asepromazini, dawa ya kutuliza wanyama, ikitumiwa peke yake humlegeza mbwa mwili bila kumwondolea hofu, na maelezo hayo pekee yalistahili malipo yake. Alituagiza tumwachie Simba maficho yake, tufunge madirisha, tuwashe redio ipunguze kishindo cha mvua juu ya bati, na tumpe dagaa wasio na chumvi wakati ngurumo zingali mbali. Alisisitiza pia kwamba kumbembeleza mbwa mwenye hofu hakumharibu, ilhali kumpiga humzidishia woga. Mazoezi ya kumsikilizisha radi iliyorekodiwa, yakianza kwa sauti ndogo mno, ameyapanga kiangazi, wakati radi halisi haziwezi kuyavuruga.

Kasoro ni moja: nauli yake haikutajwa mapema, jambo linalopaswa kurekebishwa. Simba bado hutetemeka radi ikipiga karibu, lakini sasa dagaa anawala, jambo ambalo hapo awali halikuwezekana kabisa.