ORS na zinki: haifungi tumbo, lakini bado nainunua

Anayetafuta cha kufunga tumbo papo hapo, ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, si yake. Hapa Mwanga, Kigoma, lalamiko ni lile lile: "Nimempa, mbona bado anaharisha?" Ataendelea kidogo, ndiyo. Kazi ya pakiti ile ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Sukari iliyomo inausaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji yanafuata.

Nilimpa mwanangu alipokuwa anatambaa na kuokota kila kitu sakafuni. Macho yalishaanza kuingia ndani, analia machozi hayatoki. Pakiti nzima kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ndivyo ilivyoandikwa. (Jamani, si nusu pakiti kwa kukisia kwenye kikombe! Ikikolea mno inamdhuru.) Nikamnywesha kwa kijiko. Akitapika, nasubiri dakika 10 hivi, naanza tena taratibu. Jioni nepi ikalowa mkojo, nikashusha pumzi.

Ladha? Ile ya kawaida ni kama kunywa machozi. Ya chungwa ina nafuu. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga.

Zinki inayoambatana na ORS ni kidonge cha miligramu 20, kinayeyuka kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Chini ya miezi 6 anapewa nusu. Kina ladha ya chuma, na anatakiwa apewe siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshakuwa kizuri. Wengi hapo ndipo wanapochoka.

Kilichonikera ni duka la dawa. "Mama, chukua na loperamide na Flagyl, ulale usingizi." Kwa mtoto anayetambaa! Loperamide, dawa ya kufunga kuharisha, si ya watoto wadogo, na hata mtu mzima asiimeze akiwa na homa au choo chenye damu. Flagyl ni ya amiba na jiadia, vijidudu vya tumboni. Kuharisha kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi, ambavyo haiviui. Mimi mwenyewe loperamide niliwahi kuimeza kwenye treni ya Tabora, maana choo cha behewa mnakijua. Ilifunga kweli, ila baadaye nilikaa na tumbo limejaa gesi na choo hakuna.

Mtoto akiwa na damu kwenye choo, akishindwa kunywa au akilegea, usihangaike na pakiti nyumbani, mkimbize hospitali huku ukimnywesha akiweza. Ukinunua ORS, tazama tarehe ya kuisha na ubonyeze pakiti. Unga ukiwa umeganda, mrudishie muuzaji.