Treni ya SGR Dar–Dodoma: siti naipa nyota tano, shirika bado naliangalia

Nianze na siti maana najua ndo mnachotaka kusikia. Nimepanda SGR, ile reli mpya ya umeme ya Shirika la Reli (TRC), ya Dar kwenda Dodoma safari ya sita sasa, zote daraja la kawaida, nauli 31,000, na sijajuta hata mara moja. Wale mnaoijua safari ya basi mnanielewa, unaamka saa tisa usiku, Chalinze watu wanaomba kuchimba dawa, Morogoro foleni, Gairo unakula chipsi za baridi ukiwa umesimama, unashuka Dodoma magoti yamevimba na ofisi zimeshafungwa. Hii kitu ni dunia nyingine kabisa. Masaa manne hivi, ukipata ile ya haraka ni chini ya hapo, kilomita 444, treni inakata 160 na chai yako kwenye kikombe imetulia kama iko mezani nyumbani.

Ushauri mdogo kwa anaeenda mara ya kwanza: kata tiketi mapema mtandaoni, unapewa kontroo namba unalipia kwa simu, usisubiri dirishani hasa wikiendi na kipindi cha bunge maana waheshimiwa na wasaidizi wao wanajaza mabehewa. Beba kitambulisho, NIDA au leseni au cha mpiga kura, jina lilingane na la kwenye tiketi. Wahi, mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Na ukiweza kaa dirishani, kuanzia Kilosa kuna mahandaki manne ndani ya milima, yote kwa pamoja yanafika kama kilomita mbili na nusu, simu inapoteza mtandao watoto wanapiga kelele za furaha. Ukitoka pale ndo unaelewa kwanini waliamua kutoboa mlima, ile reli ya zamani ya mjerumani inapita bondeni karibu na mto Mkondoa na kila mvua kubwa ikija Kilosa hadi Gulwe tuta linaondoka na maji.

Mchongoko, zile treni za Wakorea zilizoanza Novemba 2024, nimepanda mara mbili. Kelele zake ni chache zaidi, kuchomoka haraka zaidi, ila kwa miguu mirefu kama yangu mabehewa ya kawaida yana raha yake. Vyoo safi safari zote sita. Nasema safari zote sita, sio ya uzinduzi.

Sasa mnajiuliza muuza karatasi na tona kama mimi anaenda kufanya nini Dodoma kila mwezi. Nafuata hela yangu. Kuna shirika moja la umma, sitalitaja jina na sio hili la reli, nililiuzia vifaa vya ofisi kwa LPO (hati ya oda) halali kabisa, mzigo ukapokelewa, wakasaini, na mpaka leo naambiwa "mzee wangu faili liko kwa bosi". Safari ya tatu niko mapokezi, TV ya ukutani inaonyesha Siku ya Gawio, ile siku mashirika yanaikabidhi serikali hela, hundi la mfano kubwa kama mlango, watu wamevaa suti, makofi, na mimi nimekaa chini ya ile TV na ankara yangu kwenye bahasha ya kaki. Dada wa mapokezi akanitazama akacheka, akazima sauti. Tulielewana.

Tangu siku ile nikaanza kufuatilia haya mambo ya mashirika kama watu wanavyofuatilia Simba na Yanga. Nikagundua kitu ambacho wengi hatukijui: sio yote inayotangazwa siku ile ni gawio kwa maana ya faida. Zile kampuni za biashara ndo zinatoa gawio, ila taasisi zingine zinatoa mchango wa asilimia 15 ya mapato ghafi. Ghafi jamani, yaani kabla hujatoa gharama, kabla hujamlipa mtu wa karatasi. Kwaiyo shirika linaweza likawa na madeni mpaka shingoni na bado likapanda jukwaani na hundi. Juni 2025 jumla ilikua trilioni 1.028, mwaka wa nyuma yake bilioni 637, ni ongezeko kubwa na Mchechu, Msajili wa Hazina wa kipindi hicho, yaani mshika hisa za serikali kwenye mashirika, anastahili sifa kwa kuwakamua hawa watu maana zamani wengi walikua hawatoi hata mia. Ila mimi nikiona namba ile najiuliza ndani yake kuna shilingi ngapi za wazabuni.

Na jingine lililonifikirisha. Ukitoa bandari, wengi katika wanaotoa hela ya maana ni kampuni ambazo serikali haiziendeshi. Twiga, ile ya madini, serikali ina asilimia 16 tu, Airtel 49, NMB kama 32. NMB ile ile iliyozaliwa kwenye NBC mwaka 1997 ilipopasuliwa, NBC ilikua imeoza kwa mikopo isiyolipika, leo serikali inakaa pembeni kama mwanahisa mdogo inachukua chake kila mwaka bila kumpigia mtu simu usiku amkopeshe fulani. Sisemi kila kitu kiuzwe, subirini nifike kwenye reli maana huko tulishauza na tukalia.

2007 reli walipewa RITES ya India, wao asilimia 51 serikali 49, mkataba wa miaka 25. Haukufika hata mitano. Mishahara ikawa tatizo, migomo, mabehewa yakachoka, mwisho serikali ikarudisha hisa zake mkononi na tukabaki na shirika bovu kuliko lilivyokua. ATC, shirika la ndege, nako hivyo hivyo, 2002 Wasauzi wakachukua asilimia 49, 2006 serikali ikanunua tena. Kwaiyo anaekuja kuniambia dawa ni mwekezaji namuuliza mwekezaji gani, mkataba gani, nani anamsimamia. TRC tuliyo nayo leo imerudishwa kwa sheria ya 2017, ikaunganisha TRL iliyokua inaendesha treni na ile RAHCO iliyokua inashika miundombinu, na hilo kiukweli walifanya la maana maana mwenye reli na mwenye treni walikua wanarushiana mpira kila siku.

Sasa mahesabu. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya Aprili 2025 ilisema TRC imepata hasara ya bilioni 224 kwa mwaka 2023/24, kutoka 102 mwaka wa nyuma, na mitandaoni ikawa kelele "SGR inakula hasara, nauli ipande". Jamani tusome tarehe. Mwaka ule wa fedha uliisha tarehe 30 Juni 2024. Treni ya Dar–Moro ilianza tarehe 14 Juni, ya Dodoma ikaanza 25 Julai, yaani mwaka mwingine kabisa. Hasara ile sio ya siti yangu! Ni ya shirika lililokua linajiandaa kupokea mzigo mkubwa huku likiburuta ule wa zamani. Mizani ya kweli ni ripoti zinazofuata, zile zenye mwaka mzima wa treni kutembea, na hapo ndo nitasoma mstari kwa mstari na miwani yangu.

Na nikizisoma, nimuulize nani? Hapa ndo kichwa kinauma. Mkurugenzi na mwenyekiti wa bodi wanateuliwa na Rais, wajumbe wa bodi na waziri. Nauli haipangi TRC, inapanga LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, ukigawa 31,000 kwa kilomita 444 ni kama shilingi 70 kwa kilomita, nani alikaa akapiga hesabu kama hiyo 70 inalipa umeme na matengenezo? Umeme wenyewe wa TANESCO, shirika jingine la serikali. Deni la ujenzi liko Hazina, mkopo ule wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na Standard Chartered mwaka 2020 haulipwi na kaunta ya tiketi. Mwenye hisa ni Msajili wa Hazina, anaehoji ni PIC, kamati ya bunge ya uwekezaji wa mitaji ya umma. Ukimbana mkurugenzi kwa hasara atakuambia bei sio yangu, ukimbana LATRA watakuambia tunamlinda mwananchi, Hazina watakuambia huo ni uwekezaji wa kimkakati. Wote wako sahihi na hamna wa kuwajibika. Mimi dukani kwangu nikipata hasara najua nani alaumiwe, mke wangu pia anajua.

Wakenya wametutangulia kwenye hili na inafaa tuwaangalie. Madaraka Express ilianza Mei 2017 kwa shilingi 700 zao Mombasa–Nairobi, ikapanda 1,000, Januari 2024 ikawa 1,500, na watu bado wanapanda, treni nzuri, ila deni la Mchina linawatoa jasho mpaka leo. Mahali pengi nauli ya abiria peke yake hailipi reli, hela iko kwenye mizigo. Ndo maana kwangu mimi siku kubwa haikua uzinduzi wa Agosti 2024 wa Dodoma, ilikua 31 Julai 2025, Kwala mkoani Pwani, uzinduzi wa bandari kavu na treni ya mizigo. Kontena zikitembea usiku na mchana, hii nauli yangu ya 31,000 inaweza kubaki hapo hapo. Zisipotembea, tutajua nani analipa tofauti, na wengi wao ni watu wa Kigoma na Mtwara ambao hawajaiona hata picha ya hili behewa.

Kwenye mawasiliano nawapa pointi, tena bila utani. Mnakumbuka Julai 2024 treni ilisimama njiani umeme umekata, wakatoa taarifa kwamba chanzo ni ngedere na bundi. Nchi nzima ilicheka wiki mbili, ngedere akawa staa. Ila angalieni, shirika la umma limetoa maelezo yenye jina la mhalifu! Kuna mashirika hapa nchini huduma ikizima unajua kwa kuchungulia kwa jirani. Tena hata huko kwangu kwenye ankara ningefurahi waniambie bundi ameingia kwenye faili, nitajua pa kuanzia.

Haya, nyota. Siti, usafi na muda: 5. Kukata tiketi: 4. Nauli: 5 kwangu mimi abiria, kwangu mimi mlipakodi nimeacha wazi. Shirika lenyewe kama shirika, 3, na hiyo ni kwa sababu ya reli mpya na ngedere.

Nimeandika haya nikiwa stesheni ya Dodoma, inaitwa Samia, ya Moro inaitwa Kikwete na ya Dar Magufuli. Leo faili langu limetoka kwa bosi, limeenda kwa mhasibu. Mhasibu yuko semina, Morogoro. Naangalia kama naweza kushukia Kikwete nikamkute huko huko, Moro–Dar ni 13,000 tu.