Uzoefu wangu na eHRAF: tafuta kwa namba ya mada, usitegemee neno

Naandika hii kuhusu eHRAF, databesi ya mtandaoni ya maandishi kuhusu jamii mbalimbali za dunia, kwa wale wanaofanya utafiti wa jamii huku kanda ya kati, hasa wa masters ambao supavaiza anakwambia "linganisha na jamii nyingine" halafu hasemi hizo jamii utazisoma wapi. Mimi niko Dodoma, kazi yangu ni njaa na uhifadhi wa chakula kwa Wagogo wa Bahi na Chamwino, yaani mtama na uwele walikuwa wanauweka vipi kwenye vihenge, nani anaenda kuhemea na anahemea wapi, ng'ombe wa kuazimana wanaingiaje hapo. Wazee wa huku bado wanaisimulia Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 hadi 1920 baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, wanaisimulia walivyoipokea kwa wazazi wao. Mahojiano ninayo. Nilichokosa ni majirani, kwamba mvua ikigoma wao walikuwa wanafanyaje.

Nikapewa akaunti ya eHRAF World Cultures kupitia mradi (usajili kwa kawaida taasisi ndiyo inalipia). Ni databesi ya Human Relations Area Files, shirika lililoanzishwa 1949 pale Yale, Marekani, na ndani yake kuna vitabu na makala za wanaanthropolojia, wamisionari na maofisa wa zamani, vimepangwa kwa jamii. Lakini kupanga kwa jamii hata maktaba ya kawaida inaweza. Kilichonifanya niipende ni kwamba wachambuzi wao wanapitia maandishi aya kwa aya na kila aya wanaipa namba ya mada inayozungumzwa pale, siyo kitabu kizima kupewa mada moja, hapana, aya. Mfumo wenyewe unaitwa Outline of Cultural Materials na uliasisiwa na George Peter Murdock na wenzake miaka ya 1930, kabla hata shirika halijazaliwa. Namba zina tarakimu tatu, mfano 251 ni kuhifadhi na kuweka akiba ya chakula, 312 maji, 222 kukusanya vyakula vya porini, 233 kazi za uchungaji, 731 majanga.

Sasa kwa nini nasema usitegemee neno. Ukiandika "njaa" kwa Kiingereza kwenye kisanduku cha kutafutia utaletewa kila sehemu neno lilipotajwa, ikiwemo ile ya mtu kusimulia kwamba fulani alizaliwa mwaka wa njaa basi, na aya nzuri inayoeleza akina mama wanachimba mizizi gani ghala likiisha inakupita kwa sababu mwandishi hakulitaja hilo neno hata mara moja. Ukichagua 731 na 222 ukachuja jamii unazotaka, hiyo aya inakuja yenyewe. Halafu kuna sehemu ya kuchagua kama unataka aya zenye mada yoyote kati ya ulizochagua au zenye zote kwa pamoja, hapo ndipo pa kucheza napo vizuri, anza na "yoyote" uone ukubwa wa mzigo kisha upunguze kwa "zote". Matokeo yanakuja kwa kanda ya dunia, ndani yake jamii, ndani yake kitabu, na ukifungua aya unaziona namba zake zimekaa pembeni, kwa hiyo aya moja nzuri inakuonyesha namba nyingine ambazo hukuwa unazifikiria kabisa, mimi suala la urithi, 428, nililiingiza kwenye kazi yangu kwa njia hiyo hiyo.

Kwa Tanzania nimesoma Wahadzabe, Wachagga na Wamasai. Wahadzabe ndio walionifungua macho, hawa wa Ziwa Eyasi na hata Mkalama kule Singida wapo, mwanaanthropolojia James Woodburn alianza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, na ukisoma unaona watu wanaishi kwa mizizi, ubuyu, asali na nyama bila kulundika akiba ya miezi, kitu ambacho mkulima wa Chamwino anayehesabu vihenge vyake angekishangaa sana. Upande wa Wachagga kuna Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani, kitabu chake cha sheria za Wachagga kilitoka 1926 kwa Kijerumani, na humu kimewekwa kwa Kiingereza, tafsiri ya hao hao HRAF. Kwangu hilo peke yake linatosha kuisifu, maana Kijerumani sikijui na sina hela ya kumlipa mtu anitafsirie.

Ya kuangalia. Kila andiko lina taarifa zake, mwaka lilipochapishwa na miaka ambayo mwandishi alikuwa uwandani, ziangalie zote mbili kabla hujanukuu, maana maandishi mengi ni ya enzi za ukoloni na mtu anaandika "wanafanya hivi" kumbe anazungumzia dunia ya miaka mia iliyopita. Na tafadhali usinyofoe aya ukaondoka nayo, soma ukurasa wa kabla na wa baada, iko pale pale unabofya tu. Namba inakufikisha kwenye aya, haikwambii mwandishi alikuwa anabishana na nani.

Karibu kila kitu humo ni Kiingereza, usitegemee Kiswahili, na maandishi hayali bando kama video.

Orodha ya namba za mada iko wazi kwenye tovuti yao hata kama huna akaunti, kwa hiyo ukiwa bado unahangaikia usajili ifungue hiyo kwanza, chagua namba zako, anza kuzibandika kwenye mahojiano yako mwenyewe, ukija kuingia ndani nouti zako na zao zitakuwa zinatumia mpangilio mmoja.