Uchunguzi wa mlango wa kizazi katika kituo chetu cha afya

Huduma hii hutolewa katika kituo cha afya cha serikali jijini Dar es Salaam, nami naisifu kwa dhati, hasa kwa sababu mwanamke hupata jibu lake siku hiyo hiyo. Muuguzi hupaka siki ya hospitali, yenye asidi ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama: sehemu zenye mabadiliko huwa nyeupe, na zile zinazofaa kutibiwa huchomwa kwa joto kabla hazijawa saratani. Kipimo hiki hutegemea mno jicho la mpimaji, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha kutafuta HPV yenyewe, yaani kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kipimo ambacho kituo hiki bado hakina.

Muuguzi alinieleza kila hatua kabla ya kuifanya, kwa upole usio wa haraka. Kasoro kubwa ni faragha, kwani pazia jembamba tu ndilo linalotenganisha kitanda na foleni, na jambo hilo linaweza kumfukuza mwanamke mwenye haya.

Hapo hapo mabinti huchanjwa dhidi ya HPV, kwa dozi moja. Wazazi wenye wasiwasi wafahamu kwamba katika miaka ya 1990 chanjo ya namna hii, iliyotengenezwa kwa protini ya ganda la kirusi, iliwakinga mbwa dhidi ya papiloma za mdomoni, yaani vinyama vinavyoletwa na kirusi cha jamii moja na HPV, na utafiti huo ulisaidia kufungua njia ya chanjo ya binadamu.