Kipimo cha kalprotektini: kinapofaa na kinapopotosha

Mwenye ugonjwa wa Crohn au vidonda vya utumbo mpana, yaani magonjwa ya mchochota (uvimbe na wekundu) wa kudumu wa utumbo, anaweza kukaa miezi bila kuona damu chooni, kisha tumbo likaanza tena kujaa gesi, kusokota na kuharisha. Huenda mchochota umerudi. Huenda pia umetulia kabisa, ila utumbo umebaki mwepesi kukereka. Hali hii ya pili humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu walio kwenye nafuu. Kumwongezea huyu prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza mchochota, ni kumbebesha madhara ya dawa bure. Ndiyo maana kipimo hiki cha kinyesi tunakiona kina thamani ya fedha yake.

Kinapima kalprotektini, protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zinapovamia ukuta wa utumbo. Chini ya maikrogramu 50 kwa gramu ya kinyesi, mchochota hautarajiwi. Juu ya 250, mara nyingi upo. Lawama yetu iko kwa namba za katikati: jibu moja la 140 halitoshi kuamulia tiba. Rudia baada ya wiki chache, na katika maabara ileile, maana vitendanishi (kemikali za kupimia) tofauti hutoa namba tofauti.

Chukua choo cha kwanza cha asubuhi, ukiweke kwenye kikopo kikavu chenye kijiko mfunikoni. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Usichote kwenye maji ya choo, wala usichanganye na mkojo. Protini hii hustahimili kama siku tatu nje ya friji, lakini penye joto kali ihifadhi kwenye friji na uifikishe mapema.

Baadhi ya dawa za maumivu huharibu majibu mno. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha namba, hivyo ziachwe wiki mbili kabla. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nayo hupandisha. Mwambie daktari, usiiache mwenyewe. Maambukizi ya tumbo hufanya vilevile.

Crohn ya utumbo mwembamba inaweza kujificha nyuma ya namba ndogo. Damu, homa, kupungua uzito au kuamshwa usiku na kuhara visipuuzwe, hata jibu liwe 30.

Namba ikiwa ndogo na hayo hayapo, punguza vitunguu, ngano na maharage kwa wiki 4 hadi 6, kisha rudisha kimojakimoja. Isipokuwa aliyekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba: huyo huenda anaharishwa na nyongo, na amuulize daktari kuhusu kolestiramini, dawa inayonasa nyongo utumboni, kabla ya kujinyima chakula.