TAHADHARI: Anayekuuzia "tiketi ya kuingia" Oktoberfest ni tapeli

Ndugu zangu mlioko Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji na Uswisi, na ninyi mnaopanga kuja kututembelea Septemba: kuingia Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia ya Munich, ni bure. Hakuna tiketi ya getini. Kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Ulaya akiuza "tiketi pamoja na meza" kwa euro 95 kila kichwa. Mwaka jana alitutapeli euro 570, watu sita. Wiki hii tangazo lake limerudi kwa namba mpya, maneno yale yale, hata picha ya hema ni ile ile. Ndiyo maana naandika sasa, kabla watu hawajaanza kuchangishana.

Safari yetu ilizuka tu. Ijumaa jioni tumekaa kwa rafiki yetu Frankfurt, mmoja akauliza kwani Munich ni mbali, na kabla chakula hakijapoa watu wameshagawana nafasi kwenye gari. Wasiwasi uliobaki ulikuwa mmoja: sote tulikuwa tumesikia kwamba Jumamosi mahema ya kunywea bia hujaa mapema na bila meza unaishia kuzunguka nje. Tapeli huyu anaufahamu wasiwasi huo vizuri kuliko sisi. Tangazo lilikuwa pale kwenye kundi: "Zimebaki nafasi sita, Hofbräu, Jumamosi saa kumi jioni, wahini." Hofbräu ni moja ya mahema makubwa. Dada yetu mmoja akampigia. Kiswahili safi cha Dar, salamu zote, "shikamoo" kwa aliyetuzidi umri, akasema anafanya kazi ndani ya hema na nafasi hizo ni za wafanyakazi. Akatuma PDF yenye nembo, namba ya meza na msimbo wa kuskani.

Dada yetu asilaumiwe na mtu. Ukimsikiliza mtu anayeongea kama jirani yako wa Magomeni, ugenini huku, moyo unalegea, na hilo ndilo analolichuma.

Dalili zilikuwepo, nazitaja ili mzitambue. Alijitambulisha kuwa anaishi Munich lakini IBAN (namba ya kimataifa ya akaunti ya benki) ilianza na LT, yaani akaunti ya Lithuania, na jina la mwenye akaunti halikuwa lake. Akasema ni la "shemeji". Alikataa kabisa kulipwa kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi, akataka uhamisho wa papo hapo. Pesa ilipoingia tu, akadai euro 30 zaidi kila mtu kama "dhamana ya glasi". Dhamana hiyo haipo. Tulipokataa akatufungia namba na kuingia mitini.

Kesho yake getini walinzi walitukagua mifuko (mkoba unaozidi lita 3 hauruhusiwi, kumbukeni hilo) na kutupitisha. Hakuna aliyeuliza tiketi. Kwenye mlango wa hema mlinzi alitazama ile PDF mara moja tu, akatikisa kichwa. Nyuma yetu walikuwa vijana wa Kitaliano wenye karatasi ile ile, namba ya meza ile ile. Kumbe hatupigwi Waswahili peke yetu. Kila jamii ina msemaji wake anayeiibia kwa lugha yake.

Sasa mambo yalivyo kweli. Uwanja wenyewe, Theresienwiese, uko wazi kwa kila mtu, na treni ya chini ya ardhi U4 au U5 inakushusha hapo hapo. Sehemu yenye kiingilio kidogo ni ile ya sherehe za kizamani, Oide Wiesn, ambayo haiwi kila mwaka, na unalipa palepale. Meza ndani ya mahema makubwa huombwa miezi kabla, moja kwa moja kwa mwenye hema, kupitia tovuti ya hema lenyewe. Kwa kawaida meza ni ya watu 10. Hulipii kiti, unalipia vocha za kula na kunywa, mara nyingi lita mbili za bia pamoja na nusu ya kuku kwa kila mtu, na vocha hizo unazitumia zote. Kwa hiyo ukiona mtu anauza "kiti" na hatoi hata vocha moja, umeshamjua.

Wapo pia wanaouza meza za kweli walizozipata kisha wakapandisha bei mara kadhaa. Msidhani huko ni salama. Mwenye hema anaweza kuikataa meza iliyouzwa kwa njia hiyo na mkabaki nje na karatasi halali mkononi. Mwaka 2021 mahakama ya Munich iliizuia kampuni moja kuuza meza za hema la Ochsenbraterei kwa bei zake yenyewe. Ukitaka meza iliyoachwa na wengine, jiji lina tovuti yake rasmi ya kuuziana upya. Ianzie kwenye ukurasa rasmi wa Oktoberfest, usifuate kiungo ulichotumiwa na mtu.

Na kwa mnaoamua ghafla kama sisi, meza si lazima. Kila hema kubwa linatakiwa kubakiza nafasi zisizowekewa oda. Jumamosi na Jumapili wanafungua saa tatu asubuhi, siku za kazi saa nne. Ukifika wakati huo mko watu wachache unapata kiti. Jumatatu hadi Jumatano mchana ni rahisi zaidi. Ukichelewa, jaribu mabenchi ya nje ya mahema, kwenye bustani. Sisi tulikaa huko na wazee wa Bavaria waliotusogezea benchi, na mwenzetu asiyetumia pombe alikunywa juisi ya tofaa yenye soda bila mtu kumshangaa. Bia ya lita moja mwaka 2025 ilikuwa kati ya euro 14.50 na 15.80, basi piga hesabu mapema. Jueni pia kwamba hakuna karatasi ya kukuhakikishia chochote siku ya msongamano: Jumamosi ya 27 Septemba 2025 uwanja mzima ulifungwa kwa muda kwa sababu watu walizidi.

Mtu huyu anauza na vyumba. Kwenye tangazo jipya kaongeza "apatimenti dakika tano kutoka uwanjani", bei ya chini wakati Munich nzima imepanda. Usilipie chumba nje ya mfumo wa tovuti ulikokikuta, hata akikuonyesha pasipoti. Picha ya pasipoti inaweza kuwa ya mtu mwingine aliyekwisha kuibiwa.

Ukiwa umeshalipa, piga simu benki saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi. Uhamisho wa papo hapo ni mgumu kurudishwa, ila wakati mwingine akaunti inayopokea hufungwa kabla tapeli hajaitoa pesa. Ulitoa namba za kadi? Kama ni kadi ya benki ya Ujerumani, piga 116 116 waifunge. Halafu fungua mashtaka polisi. Bavaria na majimbo mengine yana kituo cha polisi mtandaoni na hulipii kitu. Wanafunzi na wenye viza, kushtaki tapeli hakuharibu kibali chako cha kuishi. Msinyamaze kwa hofu hiyo.

Tangu 9 Oktoba 2025 benki za nchi za euro zinalazimika kulinganisha jina na IBAN kabla hujatuma. Sisi hatukuwa na kinga hiyo. Ninyi mnayo: simu ikiandika kwamba jina halilingani, acha hapo hapo, hata akikuletea habari za shemeji.

Oktoberfest ya mwaka 2026 ni kuanzia Jumamosi 19 Septemba hadi 4 Oktoba. Maadmini, tafadhali futeni tangazo la "nafasi sita Hofbräu" kwenye makundi yenu na mwondoeni aliyelileta. Na wewe uliyepigwa na mtu huyu, njoo sanduku la ujumbe na picha za mazungumzo, risiti ya benki na IBAN uliyotumia. Kesi yetu ipo polisi tayari. Akaunti zikionekana ni ile ile, tutawapa wapelelezi zote kwa pamoja.